Zizi la Miiba katika Nchi ya Diff

Mtu akitaka kujua historia ya pwani yetu huonyeshwa misikiti ya kale, makaburi yenye minara, na kuta za matumbawe za Gedi na Kilwa. Vitu hivyo vimesimama, na kilichosimama hupata wa kukitazama. Lakini lipo jengo jingine ambalo watu wa Afrika ya Mashariki wamelijenga mara nyingi kuliko misikiti na ngome zote zikijumlishwa, nalo halikumpatia mjenzi wake sifa yoyote. Jengo hilo ni zizi. Limejengwa kwa miiba, kwa magogo, kwa mawe na kwa fito. Limejengwa jioni na kuachwa baada ya miezi. Na katika vitabu vyetu vya historia halipewi hata ukurasa mmoja.

Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi zizi lilivyojengwa, na hasa jinsi lilivyowekwa safi, katika nchi kame ya kaskazini mashariki ya Kenya, upande wa Diff. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la watoto wa malishoni tu. Mahali anapolala mnyama usiku ndipo panapoamua kama mwenyewe atapata maziwa asubuhi, na mara nyingine, kama tutakavyoona, ndipo panapoamua kama mwenyewe ataishi. Nitajaribu kuonyesha kwamba wafugaji wa nchi hii walikuwa na ufagio mmoja mkubwa kuliko fagio zote, nao ulikuwa kuhama. Na kwamba sehemu kubwa ya taabu zao katika karne iliyopita ilianza pale waliponyang'anywa ufagio huo.

Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, kaskazini ya Liboi, nao umekaa ukingoni kabisa mwa mpaka wa Kenya na Somalia. Nchi yake ni tambarare, ya mchanga na vichaka vya miiba. Mvua ya Wajir kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 300 tu, tena haiji kwa ahadi. Masika huitwa Gu na vuli huitwa Dayr kwa Kisomali, na kati ya Dayr na Gu huja Jilaal, miezi ya jua kali ambayo maji hukauka katika mabwawa na majani hugeuka vumbi. Mto wa Tana uko mbali, unapita Garissa. Mto wa Juba uko ng'ambo ya mpaka. Katika nchi ya namna hii shamba si tegemeo. Tegemeo ni ngamia, ng'ombe, mbuzi, na wale kondoo weupe wenye vichwa vyeusi ambao kila mtu aliyepita barabara ya Garissa amewaona. Waborana na Waorma walilisha mifugo yao huku kabla ya karne ya 19, na katika karne hiyo Wasomali wakazidi kuingia kutoka upande wa Juba. Watu hawa waligombana mara nyingi juu ya visima, lakini katika habari ya zizi walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, yaani ukame.

Safari ya kwenda malisho mapya haikuanza kwa kubahatisha. Wanaume wachache walitangulia kupeleleza, na upelelezi huo Wasomali huuita sahan. Walitazama majani na maji, lakini walitazama pia mahali pa kulala. Je, udongo ni wa mchanga unaonyonya maji, ama ni wa mfinyanzi utakaogeuka tope mvua ikinyesha? Je, mahali penyewe pameinuka kidogo? Je, kuna mabaki ya zizi la zamani karibu, na ni la miaka mingapi? Je, kuna alama za fisi? Mtu aliyezoea nyumba za mjini huweza kudhani kwamba usafi huanza na maji na sabuni. Mfugaji aliuanza usafi wake kabla hajakata mti hata mmoja, kwa kuchagua mahali. Wakati wa kiangazi zizi liliweza kukaa bondeni, penye kivuli na upepo mdogo. Wakati wa Gu lilipaswa kupanda juu ya mwinuko wa mchanga, kwa sababu mbuzi akilala katika tope siku tatu mfululizo kwato zake huoza na kifua chake hushikwa na kikohozi.

Walipofika, kazi ziligawanywa kwa desturi. Wanawake walisimamisha nyumba, ile aqal ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, ambayo ngamia huibeba yote mgongoni. Wanaume walishika mashoka wakaenda kukata miiba. Mgunga ndio mti uliotafutwa zaidi, kwa kuwa matawi yake hutandaa na miiba yake haina huruma. Chombo cha kazi hii kinastahili kutajwa, maana ni cha akili nyingi. Huitwa hangool. Ni mti mrefu wenye panda upande mmoja na kulabu upande wa pili. Kwa kulabu mtu hulivuta tawi lililokatwa mpaka mahali pake. Kwa panda hulisukuma na kulishindilia juu ya matawi mengine. Na mikono yake hubaki mizima. Wasomali wamekipenda chombo hiki hata wamekifanya kuwa alama ya kazi na ujenzi.

Matawi hayakutupwa ovyo. Shina la tawi lilielekezwa ndani na kichwa chenye miiba kikaelekezwa nje, tawi juu ya tawi, mpaka ua ukapata unene unaomkatisha fisi tamaa. Ua huo, pamoja na mahali ulipopazunguka, kwa Kisomali huitwa xero, na herufi hiyo ya x hutamkwa kama h inayotoka kooni. Mlango ulikuwa mmoja, tena haukuwa na bawaba wala komeo. Ulikuwa ni tawi moja kubwa ambalo mtu aliye ndani hulivuta kwa shina mpaka kichwa chake kikaziba nafasi yote. Anayetaka kuingia kutoka nje hukuta miiba tu, na kadiri anavyosukuma ndivyo anavyojichoma. Nimeona milango ya chuma iliyofikiriwa kidogo kuliko huo.

Adui hawakuwa sawa. Fisi hutafuta mahali ua ulipopungua, chui huruka, bweha hunyemelea wana-mbuzi. Simba ana hila nyingine, maana mara nyingi haingii kabisa. Hulizunguka zizi upande unakotoka upepo ili harufu yake iwafikie wanyama, nao wakiwa na hofu husukumana mpaka wenyewe wavunje ua na kutoka mbio gizani, alipo yeye. Kwa hiyo unene wa ua ulikuwa na faida mbili, ya kumzuia mgeni na ya kuwazuia wenyeji wasijiue kwa woga. Usiku mbwa na moto walisaidia, lakini hakuna kilichokuwa badala ya miiba.

Ndani ya ua mkubwa kulikuwa na nyua ndogo. Ngamia walikuwa peke yao, na mara nyingi walikuwa mbali kabisa na nyumba, pamoja na vijana waliolala chini mchangani bila paa. I. M. Lewis, mtaalamu Mwingereza aliyeandika kitabu mwaka wa 1961 juu ya Wasomali wa kaskazini, alieleza jinsi kambi ya ngamia ya vijana ilivyotengana na kambi ya mbuzi na kondoo iliyokaa na wanawake na watoto. Karibu na nyumba kulikuwa na jengo dogo kuliko yote, yaani kizimba cha wana-mbuzi na wana-kondoo. Hawa walitengwa na mama zao, kwanza ili wasimalize maziwa usiku, na pili ili wasikanyagwe. Kizimba kilifunikwa kwa matawi au kipande cha mkeka ili kuwakinga na baridi ya alfajiri, kwa kuwa mwana-mbuzi hufa kwa baridi na unyevu upesi kuliko kwa njaa.

Hapa yafaa tutupe macho nje kidogo. Huko Ulaya watu hufuga mnyama mdogo mrefu, ndugu wa kicheche, ambaye tangu zamani alitumiwa kuwatoa sungura mashimoni. Strabo, Myunani aliyeandika jiografia yapata miaka 2000 iliyopita, anataja uwindaji huo katika nchi ya Hispania. Siku hizi wengi humfuga kwa mapenzi tu, na humjengea kizimba uani, cha mbao na wavu wa waya, kilichoinuliwa juu ya miguu minne ili unyevu wa ardhi usimfikie. Mwenyewe hulazimika kuondoa uchafu wake kila siku, kubadilisha matandiko ya majani makavu, na kuosha sakafu kila baada ya siku chache. Asipofanya hivyo mnyama huugua na majirani hulalamika. Nimetaja kizimba hicho kwa sababu kinaonyesha tofauti iliyo wazi. Cha Ulaya hujengwa ili mnyama asitoke. Zizi la Diff hujengwa ili adui asiingie. Na kizimba cha Ulaya hakihami, kwa hiyo kazi yote ya usafi humwangukia mwenye mikono. Katika kambi yote ya mfugaji, mahali pamoja tu palifanana nacho, napo ni kizimba kile cha wana-mbuzi.

Ndiyo maana kizimba hicho kilifagiliwa kila asubuhi. Ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana, kwa ufagio wa vijiti, mara wana-mbuzi walipotolewa kunyonya. Mavi yalisukumwa nje, mchanga mkavu ukatandazwa, na majivu ya meko yakanyunyizwa juu yake, kwa kuwa viroboto na kupe wachanga hawapendi majivu. Jioni mavi makavu yaliwashwa moto usio na mwali upande unakotoka upepo. Moshi wake mzito uliwafukuza mbu na inzi, na ngamia walijua faida yake hata wakajisogeza wenyewe karibu nao. Moshi huo ni ndugu wa moshi mwingine ambao kila mtu wa kaskazini anaujua, ule unaotumiwa kufukizia vyombo vya maziwa ili maziwa yasiharibike na yapate harufu nzuri. Katika nchi ambayo maji ya kuosha ni anasa, moshi na majivu vilifanya kazi ya sabuni.

Lakini zizi kubwa la mbuzi mia mbili lingefagiliwaje? Mavi yake yaliachwa yajikusanye, na kwa jua la Jilaal yalikauka upesi yakawa kama godoro. Kwa majuma ya kwanza hakukuwa na ubaya. Kisha wakaanza kuonekana wapangaji wasiolipa kodi. Kupe jike akishashiba damu hujiangusha chini na kutaga mayai maelfu katika udongo. Watoto wake wakianguliwa hungoja mnyama apite. Zizi likikaliwa siku zote, hawangoji sana. Mbaya kuliko kupe ni papasi, ambaye Waswahili wa misafara walimjua na kumwogopa zamani. Papasi huishi katika vumbi la nyumba na mchanga wa mahali wanapolala wanyama, hutoka usiku, hunyonya haraka, kisha hurudi mafichoni. Katika nchi ya kaskazini wako wa mchangani wanaojificha penye vivuli na visima ambapo ngamia hupumzika. Wazungu hawakuamini habari ya homa ya papasi mpaka miaka ya 1904 na 1905, wakati waganga wao walipoithibitisha katika Uganda na Kongo. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alikufa Kongo mwaka wa 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Wapagazi wa msafara wangeweza kumwonya.

Dawa ya mfugaji kwa wapangaji hawa ilikuwa kuwaachia nyumba. Majani yalipopungua na zizi lilipoanza kuwasha, mikeka ilifungwa, ngamia wakapakiwa, na ua wa miiba ukaachwa pale pale. Kupe wachanga waliobaki walingoja mnyama asiyekuja, jua likawakausha, na wengi wakafa kwa njaa. Mchwa wakala ua. Mvua ikasukuma samadi ndani ya udongo. Baada ya misimu kadhaa mahali pale palikuwa safi kuliko ambavyo ufagio wowote ungepafanya, tena pana rutuba. Kwa hiyo tukisikia maofisa wa zamani wakiandika kwamba watu wa kaskazini hutangatanga bila mpango, tukumbuke kwamba mtu anayetangatanga huacha kitu kwa kusahau, na hawa waliacha zizi kwa kujua.

Hata hivyo tusilisifu jambo kupita kiasi chake. Kuhama kuliponya ugonjwa wa ardhini. Hakukuponya ugonjwa wa pumzi. Sotoka ya ng'ombe, iliyoingia Afrika kwa pwani ya Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika kwetu karibu na mwaka wa 1890, haikuhitaji udongo wala kupe. Ilipita kutoka mnyama mpaka mnyama, na kadiri makundi yalivyokutana visimani ndivyo ilivyosafiri. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosemeka kutoka Habeshi hata Afrika ya Kusini. Chanjo nzuri ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake karibu na mwaka wa 1960, lakini kazi ya kuifikisha kwenye kila zizi lililohama ilichukua miaka mingine arobaini. Maficho ya mwisho ya ugonjwa huo duniani yalikuwa nchi hizi hizi za Wasomali, yaani kusini mwa Somalia, kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mashariki mwa Habeshi. Mara ya mwisho ulionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ulitangazwa kuwa umekwisha duniani kote. Hapana ugonjwa wa mifugo uliowahi kufutwa kabla yake.

Sasa tuje kwenye mipaka. Serikali ya kikoloni ilipoifanya nchi hii kuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nia yake haikuwa kuiendeleza bali kuifanya kuwa kinga ya nyanda za juu. Ilichora mstari kati ya Wasomali na Waborana na Waorma, na aliyevuka mstari na mifugo yake aliweza kutozwa faini ya mifugo hiyo hiyo. Mwaka wa 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba, na mpaka mpya ukapita karibu moja kwa moja kutoka kaskazini hadi kusini, sambamba na Diff. Waliouchora walifuata mstari wa ramani. Hawakufuata kisima wala njia ya ngamia. Mzizi wa ukoo ukabaki upande mmoja na malisho yake ya Gu upande wa pili. Mwaka wa 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu iliyowapa maofisa uwezo wa kuwafungia watu wa kabila fulani katika eneo walilopangiwa. Katika karatasi za serikali sheria hizi zilihusu amani. Katika zizi zilihusu kitu kingine: mtu aliyekuwa na mahali kumi pa kulala mifugo yake kwa mwaka sasa alikuwa na matano, kisha matatu.

Mambo yalizidi kuwa mabaya baada ya uhuru. Wasomali wengi wa eneo hili walitaka kujiunga na Somalia, jambo ambalo halikukubaliwa, na tarehe 28 Desemba 1963, siku kumi na sita tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata viliitwa vita vya Shifta. Kuanzia mwaka wa 1966 serikali iliwakusanya watu katika vijiji vilivyolindwa, ambavyo wenyewe huvikumbuka kwa jina la manyata, ili wapiganaji wasipate chakula na maficho kwao. Waliotoka bila ruhusa walihesabiwa kuwa maadui. Mifugo mingi ilikufa, mingine ikachukuliwa, na watu waliokuwa na ngamia jana wakawa wa kungojea posho leo. Vita vilimalizika kwa mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Oktoba 1967, lakini sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka wa 1991.

Wanahistoria wameandika juu ya bunduki na juu ya siasa za vita hivyo, na wamefanya vyema. Mimi ningependa tufikiri juu ya ardhi iliyokuwa chini ya kwato. Makundi ya mbuzi na ng'ombe yaliyokatazwa kwenda mbali hula majani yote ya karibu katika siku chache, kisha hurudi kila jioni katika zizi lile lile, juu ya mavi ya jana, ya juzi, na ya mwezi uliopita. Miiba ya kutengenezea ua hukatwa mpaka hakuna kichaka kilichobaki umbali wa kuonekana. Kupe hawana haja ya kungoja. Mwenye mali hana nguvu ya kufagia zizi la kundi zima, wala hana mahali pa kulipeleka. Watu walifungiwa kwa sababu za ulinzi, na pengine waliotoa amri hawakujua kwamba walikuwa wakiwafungia mifugo pamoja na magonjwa yao.

Ugonjwa mmoja ulikuja kufundisha somo hili kwa ukali. Mwaka wa 1930 na 1931, katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, kondoo waliharibu mimba na wana-kondoo wakafa kwa mamia. Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza ugonjwa huo wakauita Homa ya Bonde la Ufa, na wakaona kwamba kondoo waliohamishiwa nyanda za juu, mbali na mbu, waliepukana nao. Yaani wataalamu nao waliufikia ule ufagio wa wafugaji. Mbu wanaoubeba hutaga mayai katika mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua, na mayai yenye ugonjwa huweza kukaa katika udongo mkavu miaka mingi yakingoja gharika.

Gharika ilikuja mwishoni mwa mwaka wa 1997. Mvua ya El Niño iliifunika Garissa na Wajir, barabara zikakatika, na vilima vidogo vikawa visiwa. Watu na mifugo walibanana katika ardhi ile chache iliyobaki kavu. Mazizi yalizama. Mtu anayewaona mbuzi wake wakitetemeka katika maji usiku hufanya nini? Wengi waliwaingiza ndani ya nyumba. Ilikuwa huruma, tena ilikuwa akili, maana mbuzi ndio mali yote. Lakini mbu na damu ya mnyama mgonjwa viliingia pamoja nao. Wachunguzi waliofanya kazi Garissa walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya hiyo, na walipolinganisha waliougua na wasiougua waligundua kwamba kugusa maji ya mwili wa kondoo na kuwalaza wanyama ndani ya nyumba ni mambo yaliyohusiana na kuugua. Ule ukuta mwembamba wa kizimba cha wana-mbuzi, ambao mgeni angeuona kama takataka ya vijiti, ulikuwa umewatenga watu na mauti kwa vizazi vingi, na haukuonekana thamani yake mpaka maji yalipouondoa. Ugonjwa ulirudi tena mwishoni mwa mwaka wa 2006, ukaanzia huko huko Garissa, na kufikia Machi 2007 ulikuwa umeua watu zaidi ya 150 katika Kenya.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika katika umbo la zizi. Kuchimbwa kwa visima virefu kumekusanya watu mahali pamoja mwaka mzima, na mji uliokuwa na mahema kumi una maduka na shule. Ua wa miiba bado upo, lakini pembeni yake utaona mabati, waya, na magunia yaliyoshonwa pamoja. Kuna pia mathenge, mti wa kigeni ulioletwa ili kuzuia jangwa na kuenea sana tangu miaka ya 1980. Miiba yake hutengeneza ua mkali kweli kweli, lakini hujipanda wenyewe na kuziba njia na malisho, hata wengine wanasema bora fisi. Zizi lisilohama sasa linadai matendo yale ya kizimba. Sakafu iwe na mteremko, mavi yaondolewe kabla ya mvua na yarundikwe mbali na kisima, mbuzi wa mjini wainuliwe juu ya fito zenye nafasi ili uchafu uanguke chini, na mlango wa wanyama usiwe mlango wa watu. Walio na nafasi hujenga mazizi mawili, moja hukaliwa na jingine huachwa likauke. Huko ni kuhama kwa hatua ishirini, nako kuna faida yake.

Na yale mazizi ya zamani yaliyoachwa? Katika nchi ya Narok, kusini magharibi mwa Kenya, Fiona Marshall na wenzake walichimba mahali pa kale pa wafugaji na kuchapisha matokeo mwaka wa 2018. Chini ya majani walikuta tabaka la vumbi laini la rangi ya kijivu, lililokuwa samadi ya mazizi yaliyoachwa kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Udongo wake ulikuwa bado una rutuba kuliko udongo wa jirani. Hakuna mti uliopaota pale. Ni uwanja wa majani mabichi tu, wa mviringo, katikati ya vichaka. Ng'ombe wa Wamasai hupenda kula hapo, na nyumbu na pundamilia nao hupenda, hivyo kila siku samadi mpya huangukia juu ya ile ya zamani.